Mwaka Nilioshindwa Kutafsiri "Settle"

Maiti ya Mama Hansa ilichomwa siku ya Jumanne, kwa desturi ya kwao, na mimi Mwislamu wa Unguja niliyekwisha kuzika wangu wengi nilisimama ndani ya jengo la kuchomea nisijue macho niyaweke wapi, maana hapakuwa na kaburi la kulitazama wala udongo wa kutia mkono. Baadaye tulikwenda Neasden, kwenye ukumbi mmoja karibu na hekalu, tukavua viatu, wanawake tukakaa upande wetu, tukaimbiwa nyimbo za sala ambazo maneno yake siyajui lakini sauti zake nazijua, kwa kuwa mwaka mmoja wa ujana wangu nilizisikia kila asubuhi kupitia ukuta wa mbao. Hapo ndipo mjukuu wake, Priya, binti wa Hansa, akaniegemea begani. Priya Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukijibu hataki, kwa hiyo aliniuliza kwa Kiingereza: "Auntie, Ba alichukua muda gani ku-settle hapa London?" Ba ndivyo wanavyomwita bibi yao. Nimezeeka ndani ya maofisi ya Kiingereza, nimeandika barua za Kiingereza hata sitamani kuiona nyingine, na neno moja la swali la mtoto likanishinda. Nikamwambia, "Nitakueleza, mwanangu," kisha nikajifanya nasikiliza nyimbo.

Jina lake hasa ni Kusum. Mimi nilimwita Mama Hansa tangu siku ya kwanza, kwa jina la binti yake mkubwa, kama tunavyoitana kwetu, na yeye aliyezaliwa Mombasa na kuolewa Jinja hakuona ajabu. Ulikuwa mwaka ule Waasia walipofukuzwa Uganda. Mimi nilikuwa karani mchanga katika ofisi ya bima kule Croydon, na nilikuwa nimepanga vyumba viwili vya juu katika nyumba moja ya Thornton Heath pamoja na mwenzangu wa kutoka Dar es Salaam. Mwenzangu akaolewa, akahamia kwa mumewe, nikabaki na chumba kitupu na kodi nzima. Siku hizo kamati za kujitolea zilikuwa zikizunguka mitaani kuwatafutia watu vyumba, na jioni moja mama mmoja wa kamati, Miss Pritchard, alipanda ngazi zetu akiwa na mwanamke wa Kihindi aliyevaa koti la mwanamume juu ya sari, na wasichana wawili waliovaa soksi zisizofanana. Walitoka kambi ya jeshi walikowekwa waliposhuka kwenye ndege. Miss Pritchard alitupa macho chumbani, akabonyeza godoro, akasema sasa anatuacha ili wapate ku-settle in. Mama Hansa akanigeukia: "Yuasema nini huyu?" Kusikia Kiswahili cha Mombasa kikitoka ndani ya lile koti, nusura nilie. Nikamwambia, "Anasema mpumzike." Akaniambia, "Mwambie sitapumzika mpaka mume wangu aje."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lake, na kwa mwaka mzima halikuwepo jingine. Yeye na watoto walikuwa na pasipoti za Kiingereza. Mumewe, Jayanti, alikuwa amechukua uraia wa Uganda, kisha akaambiwa karatasi zake hazifai, akawa si wa huku wala si wa kule. Siku ya kuondoka, mke na watoto walipandishwa ndege ya London, naye akapelekwa kambi ya wakimbizi Austria pamoja na wanaume wengine wa namna yake. Kila Jumapili Mama Hansa alimwandikia, kisha akakaa dirishani kama kwamba jibu litapita barabarani lenyewe. Mimi nilikuwa mkalimani wake kwa kila mlango: kliniki, shuleni, dukani, ofisini. Nilijiona msomi. Nilikuwa nimefaulu Kiingereza kwa alama nzuri katika shule ya masista, nikadhani lugha ile nimeitia mfukoni.

Basi neno hilo likaanza kututesa. Tulikwenda kwa muuza dawa kwa sababu mtoto mdogo, Bhavna, alikuwa akitapika kila akila mkate wa shuleni, na yule bwana akatupa chupa ya dawa nyeupe, akasema ita-settle tumbo lake. Mama Hansa akanitazama. "Si ndilo neno la yule mama wa kamati?" Nikasema ndilo. "Sasa sisi tumo ndani ya tumbo la nani?" Hansa naye akarudi kutoka shuleni akisema mwalimu huwapigia kelele darasa zima, "Settle down!", na wao hukaa kimya. Mpangaji wa chini, mzee wa Kiingereza aitwaye Mr Tibbs, alitusikia tukishtuka kila jioni kuta zinapoalika, akapanda hadi nusu ya ngazi kututuliza: msiogope, ni nyumba tu ina-settle. Nyumba yenyewe ilijengwa kabla babu yangu hajazaliwa! Mama Hansa aliposikia tafsiri yake aliacha kukanda unga. Akauliza, kama nyumba ya Mwingereza, ndani ya nchi ya Mwingereza, miaka yote hiyo bado haijatulia, Miss Pritchard anamtaka yeye atulie kwa miezi mingapi? Nilicheka sana, naye hakucheka.

Nilikuwa na kamusi niliyotoka nayo nyumbani, jalada limeliwa na mende. Chini ya neno lile palipangwa maneno ya Kiswahili kama abiria wa msafara: kutua, kutulia, kutuama, kukaa, kulowea, kulipa, kupatanisha, kukata shauri. Kila siku nilichagua moja na kila siku nilikosea. Jirani yetu Bi Asha, Mpemba aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini na aliyekuja kwetu Jumapili kwa chai, alishikilia kuwa neno ni kulowea na si jingine. "Mtu akishalowea mahali hahesabu tena siku," alisema. "Weye Mama Hansa bado wahesabu." Mama Hansa naye alikuwa na maana yake, ya Kihindi chao cha Afrika Mashariki, ambayo kamusi haikuwa nayo: msichana aki-settle maana yake ameolewa. Kwa maana hiyo aliniandama. Nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, angeniuliza: "Na wewe uta-settle lini? Au unangoja nyumba itulie kwanza?" Usiku mmoja nilimjibu kwamba wanaume wa Croydon wote wana mafua. Tulicheka ule usiku, na chapati zikaungua upande mmoja, tukazila hivyo hivyo na dengu.

Sijui kama niseme nilikuwa na raha mwaka ule. Nilikuwa na baridi, nilikuwa na upweke wa kukumbuka kwetu, na hita ya mafuta ya taa ilinukisha nguo zangu hata wasichana wa ofisini wakasogeza viti. Lakini nikipanda ngazi jioni nilikuta mvuke wa tangawizi umefunika dirisha la jikoni, lile jiko letu lililobanwa kwenye kipande cha ukumbi juu ya ngazi, na Bhavna amekaa juu ya gunia la mchele akisoma herufi. Samaki sikupika mle ndani, kwa heshima yao wasiokula nyama wala samaki; nilimla dukani, amefungwa kwenye gazeti kama wafanyavyo Waingereza, kisha nikaosha mikono mara mbili. Ramadhani ilipoingia, Mama Hansa asiyekula hata yai alinipikia viazi vitamu vya nazi kila magharibi na kunikalia mbele mpaka nimalize. Hatukuwahi kuulizana kwa nini.

Siku moja Miss Pritchard akaja na habari. Ofisi ya uhamiaji imeanza kufikiria waume wa wanawake kama Mama Hansa, kila mmoja kwa hali yake. Yeye atatumwa aje kuiangalia nyumba rasmi, akae kidogo, aone kama familia ime-settle, kisha apeleke maoni yake. Akataja siku. Mama Hansa aliponisikia nikimtafsiria alikaa chini juu ya ngazi, akafunika uso kwa ncha ya sari. Kisha akasimama, akaanza kupanga.

Nataka Priya aelewe hapa, maana akili ya London itaona tulikuwa wajinga. Kwetu sisi, Mwislamu na Mhindu, Pemba na Jinja, mgeni mkubwa akija nyumbani hapokelewi na mwanamke peke yake na watoto wawili. Hiyo ni aibu. Ni kusema mbele za watu kwamba huna mtu. Mchumba akija kuposa, nyumba hujazwa. Afisa wa serikali akija, nyumba hujazwa. Wanakuja mashangazi, majirani, mtu wa duka, ili mgeni aone kwamba hapa anaingia kwa watu wenye watu. "Akinikuta pekee," Mama Hansa alisema, "atasema huyu ni mkiwa, akiletewa mume watakuwa wakiwa wawili." Mimi niliona amesema kweli tupu. Bi Asha akatia muhuri: penye wengi hapaharibiki neno.

Kwa hiyo Miss Pritchard alipokuja, alikuta viatu kuanzia mlango wa mbele hadi juu, kila kipago cha ngazi na jozi zake. Alikuta Bi Asha na binti zake jikoni wanakaanga kachori. Alikuta familia ya muuza duka wa mtaani, watu wa Kisumu, wameketi kitandani kwangu kwa mstari. Alikuta magodoro ya kuazima yameviringishwa ukutani yawe viti, na juu ya mojawapo ameketi Mzee Harnam, Singasinga aliyestaafu reli ya Nairobi, kilemba kipya, ndevu zimepakwa mafuta. Miss Pritchard alipewa kiti cha pekee. Alipewa chai, kachori, chevda ya kutafuna, tena chai. Nilimwona macho yake yanatembea: magodoro, viatu, watoto, magodoro. Akaniuliza kwa upole watu wote hawa wanalala wapi. Kabla sijajibu, Mzee Harnam, kwa moyo mweupe na Kiingereza chake cha reli, alisimama akanyoosha mikono miwili. "Madam," alisema, "usiwe na wasiwasi wowote. Sisi sote ni familia moja. Tupo hapa kila siku." Chumba kizima kikaitikia, hata wasiojua amesema nini. Mama Hansa aling'aa. Sijapata kumwona amependeza vile tangu alipofika.

Nilimsindikiza Miss Pritchard mpaka mlangoni, nikiruka viatu. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema. Nilimweleza kwamba wale ni wageni, kila mtu ana kwake, na nadhani mwishowe aliniamini. Lakini akaniuliza, "Na wewe?" Nikasema mimi nakaa hapa. Akashusha pumzi. Vyumba viwili, akasema. Mama, wasichana wawili wanaokua, na mtu mzima mwingine. Huyo mume atawekwa wapi? Kwa hali hii hawezi kuandika kwamba pana nafasi. Atarudi baada ya majira ya baridi. Akanishika mkono, akasema Mama Hansa lazima kwanza a-settle, ndipo mengine yafuate. Nilipanda ngazi polepole. Juu walikuwa wanacheka, Mzee Harnam anarudia hotuba yake. Waliponiona, Mama Hansa akaniuliza kwa macho tu. Nilimwambia, "Anasema pamejaa." Hakunielewa. Nikarudia. "Pamejaa watu?" aliuliza, kama mtu aliyeambiwa chakula kimezidi utamu. "Si ndiyo vizuri?"

Siku zilizofuata hakuniandama tena na habari za kuolewa. Alinipakulia kwanza kabla ya watoto, akaniuliza kama nimeshiba, mambo ambayo mtu humfanyia mgeni. Mimi nami nilikuwa nimefahamu na sikutaka kufahamu. Nilijiambia labda watapata nyumba nyingine, labda sheria itabadilika, labda Miss Pritchard hajui kuhesabu. Jumapili moja nilirudi mapema kutoka dukani na kusikia sauti za Mama Hansa na Bi Asha jikoni nikiwa bado ngazini. Mama Hansa alikuwa akisema, "Nitamwambiaje? Nimekuja sina mtu, amenifungulia mlango. Nyumba ni yake. Sasa mimi nimwambie toka?" Bi Asha alijibu, "Usimwambie. Mwenyewe ana masikio." Nilisimama pale na mfuko wa vitunguu. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kumwendea. Nilimchukia yule mwanamume wa Austria ambaye sikuwahi kumwona. Kisha nikakumbuka mwandiko wa Mama Hansa wa kila Jumapili, nikajichukia mwenyewe, kisha nikachoka kuchukia.

Nikaingia jikoni. Nikasema nimechoka na basi za asubuhi, na kuna chumba karibu na ofisi, Croydon, msichana mwenzangu wa kazini amenieleza. Uongo mtupu, chumba nilikitafuta baadaye wiki ile, na nilichokipata kilitazama ukuta wa jengo jingine la ofisi. Bi Asha akajishughulisha na kikombe chake. Mama Hansa aliendelea kusukuma chapati, akaisukuma ile ile mpaka ikawa nyembamba haishikiki. "Croydon kuna baridi," akasema. Nikasema, "Baridi ni moja tu, Mama Hansa." Mpaka leo sijui kama tuliagana siku ile au siku niliyobeba sanduku.

Siku ya sanduku theluji ilianza kuanguka, kubwa kubwa, ya kwanza kwa wale watoto. Walitoka nje na kandambili. Mr Tibbs alisimama mlangoni na kiko chake mdomoni, akaitazama barabara, akatoa hukumu: haita-settle. Nilitaka kumuuliza amejuaje, anaangalia nini hasa, maana mimi niliona inaanguka sawasawa na kila kitu kingine kilichokuwa kikianguka siku ile. Kweli, mpaka nafika kituoni ilikuwa maji.

Miss Pritchard aliporudi, niliitwa nikatafsiri. Nyumba ilikuwa imefagiwa, vumbi pamoja na watu. Majirani hawakuja, walikuwa wameombwa wasije, na Mzee Harnam aliuguza heshima yake wiki nzima. Chumba kilichokuwa changu kilikuwa na kitanda cha watu wawili na shuka jipya lililokunjwa pembe nne. Wasichana walikaa bega kwa bega, mikono mapajani. Jozi nne za viatu, yangu ikiwemo. Miss Pritchard aliniuliza ninakaa wapi siku hizi, nikamtajia mtaa wa Croydon, na Mama Hansa akainama akapanga upya biskuti zilizokuwa zimeshapangwa. Yule mama akazunguka, akarudi, akatabasamu kwa furaha ya kweli. Alisema Mama Hansa sasa hakika anaonekana ame-settle. "Yuasema nini?" Mama Hansa akaniuliza. Maneno yote ya ile kamusi yalinijia kwa pamoja na hakuna lililokubali kutangulia. Nikasema, "Anasema umetulia." Alitazama viti vitupu vya chumbani. "Mimi?" akasema. Halafu akasema, "Mwambie ndiyo."

Jayanti aliletwa mwisho wa kiangazi. Nilingoja Jumapili mbili ili wapate nafasi yao, kisha nikapanda basi nikiwa na mfuko wa ndizi. Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko kwenye picha niliyoonyeshwa, amekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na upole wa mtu aliyekaa muda mrefu kwenye foleni. "Karibu, karibu, dada," akasema kwa Kiswahili cha Jinja. Akanitangulia juu, akanionyesha njia, ngazi ile! Akaniambia nisivue viatu, si neno. Akanivutia kiti chumbani, kile chumba, akamtuma Hansa alete kikombe kizuri, kisha akapaza sauti kuelekea jikoni kwa Kigujarati, ambacho kufikia hapo nilikuwa nakielewa kuliko alivyodhani: huyu mgeni anakunywa chai na sukari?

Mama Hansa akatokea mlangoni, unga mpaka viwiko. Alinitazama mimi, akamtazama mumewe, na jibu akalitoa kwa Kiswahili ili sote wawili tulisikie. "Huyo si mgeni," alisema. "Huyo ni mwenye nyumba. Alikupisha wewe."

Jayanti alikuwa ameanza kuketi. Alisimama. Mimi nami nilikuwa nimesimama tayari, kwa aibu au kwa nini, sijui. Kiti kilikuwa kati yetu. Aliniashiria mimi, nikamwashiria yeye, na tukabaki hivyo, wima wawili wetu, kila mmoja akimngoja mwenzake akae.